Polisi, rangi ya ngozi na vyama vya siasa Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili na Kiingereza katika mji mmoja wa Magharibi ya Kati, Marekani. Wanaonihitaji wengi ni Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi, pamoja na Warundi, Wakenya na Watanzania. Maswali haya hunifikia kwenye korido za mahakama, harusini, na usiku kwa simu kutoka nyumbani, hasa inapotoka video nyingine ya polisi. Nimeyaandika yanavyoulizwa.

Kwa nini Rais wa Marekani asiwaamrishe polisi waache kuua watu?

Kwa sababu si polisi wake. Mtu aliyekulia Tanzania, Kenya au Kongo inabidi ajifunze hili upya kabisa. Kwetu polisi ni wa taifa, mkuu wao anateuliwa na Rais, na amri ikitoka juu inashuka mpaka kituo cha mwisho kijijini. Marekani hakuna IGP. Kuna vyombo vya polisi karibu 18,000, kila kimoja kina mkuu wake, sare zake, bajeti yake na kanuni zake kuhusu lini bunduki itumike. Unaweza kuvuka barabara tu ukawa umeingia mji mwingine wenye polisi wengine.

Mkuu wa polisi wa jiji kwa kawaida huteuliwa na meya au meneja wa jiji. Sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, huchaguliwa kwa kura karibu kila jimbo, na kaunti zenyewe ni zaidi ya 3,000. Askari akiua, anayeamua ashtakiwe au la ni mwendesha mashtaka wa eneo hilo, ambaye katika majimbo mengi naye ni wa kuchaguliwa, mara nyingi kwa tiketi ya chama. Kwenye televisheni ya taifa vyama viwili, Republican na Democrat, vinagombana kuhusu polisi mchana na usiku. Jambo lenyewe linaamuliwa kwenye ofisi za kaunti, na wapiga kura wengi hawamjui hata jina aliyekalia kiti kile. Majibu mengi hapa chini yatarudi kwenye ofisi hizo.

Mbona basi mwaka 2025 Rais aliwachukua polisi wa Washington?

Washington, D.C. si jimbo. Sheria ya mwaka 1973 iliyoupa mji huo serikali yake inamruhusu Rais kuwatumia polisi wake kwa siku 30 akitangaza dharura, na Donald Trump alifanya hivyo tarehe 11 Agosti 2025. Polisi wa Chicago au Houston hawezi kuwachukua kwa kifungu hicho.

Yule kijana wa Kikongo aliyepigwa risasi Michigan, kesi yake iliishaje?

Ni Patrick Lyoya. Alikuwa na miaka 26. Familia yake ilikimbia Kongo, ikafika Marekani mwaka 2014. Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022, mjini Grand Rapids, askari Christopher Schurr alilisimamisha gari alilokuwa akiendesha kwa sababu kibao cha namba hakikuwa cha gari hilo. Kosa la trafiki.

Video ipo. Lyoya anafungua mlango na kushuka. Askari anamwambia arudi ndani. Anamuuliza kama anajua Kiingereza, anamuuliza leseni. Lyoya anauliza amekosa nini. Kila nikiitazama sehemu hiyo moyo unaniuma, kwa sababu namtambua. Nyumbani dereva akisimamishwa mara nyingi hushuka, akamfuata afande, akamwamkia, akajieleza. Kubaki umekaa kwenye kiti ukingoja afande akufuate dirishani kunaweza kuonekana kiburi. Marekani mambo ni kinyume, kushuka ndiko kunakomshtua askari. Sisemi kushuka ndiko kulikomuua. Kati ya mlango kufunguka na risasi kulia kulikuwa na nafasi nyingi za askari mwenye mafunzo kufanya jambo jingine.

Lyoya alijaribu kukimbia, wakakamatana, wakagombania kifaa cha askari cha kupiga shoti ya umeme. Mwisho wake Lyoya yuko kifudifudi kwenye nyasi, askari yuko mgongoni mwake, na anampiga risasi moja ya kichwa kwa nyuma.

Baba yake alizungumza na waandishi wa habari kwa Kiswahili, mkalimani akiwa pembeni. Wenzangu wa kazi hii wanaujua uzito wa nafasi ile. Kanuni inakutaka useme kama anavyosema mwenyewe, kwa hiyo mzazi akisema "mwanangu", neno "mwanangu" linatoka kinywani mwako wewe, kwa lugha nyingine, mbele ya kamera, na sauti yako haitakiwi kutetemeka.

Mwendesha mashtaka wa kaunti ni Mrepublikan, wa chama ambacho vyama vya askari hukiunga mkono. Nalitaja hilo makusudi, kwa sababu wengi hudhani Mrepublikan hawezi kumshtaki askari. Juni 2022 alimfungulia Schurr kesi ya mauaji ya daraja la pili, na jiji likamfukuza kazi. Kesi ilifika mwisho Mei 2025. Schurr alijitetea kwamba aliogopa kufa kwa sababu Lyoya alikuwa amekishika kile kifaa cha shoti. Jopo la wananchi waliosikiliza kesi lilishindwa kukubaliana, na tarehe 8 Mei jaji akaivunja kesi bila hukumu. Wiki mbili baadaye mwendesha mashtaka alitangaza kwamba hataifungua tena. Schurr hakutiwa hatiani, wala hakuna jopo lililotamka kwamba hana hatia. Iliishia hapo.

Video inaonyesha kila kitu. Inakuwaje askari hafungwi?

Swali mahakamani huwa haliulizwi hivyo. Mwaka 1989, katika kesi ya Graham dhidi ya Connor, Mahakama ya Juu iliamua kwamba nguvu aliyotumia askari ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa pale pale wakati ule, na si kwa utulivu wa mtu anayerudia video nyumbani. Kwa hiyo wanajopo wanapoingia kujadiliana, sehemu kubwa ya mjadala ni kama hofu ya askari ilikuwa na msingi. Ukiuliza kama kifo kilikuwa cha lazima, umeuliza swali jingine. Kuhukumiwa lazima wanajopo wote wakubaliane. Mmoja akikataa, hakuna hukumu.

Kesi ya madai nayo ina ukuta wake. Sheria ya mwaka 1871, iliyotungwa kupambana na Ku Klux Klan, kundi la Weupe lililowatisha na kuwaua Weusi, inamruhusu mwananchi kumshtaki afisa aliyemvunjia haki zake za kikatiba. Baadaye mahakama zikajenga kinga. Askari huponyoka kama hakuna kesi ya nyuma inayofanana vya kutosha, iliyokwisha kusema wazi kwamba tendo kama lake ni kosa. Na fidia ikilipwa, kwa kawaida inatoka kwenye mfuko wa jiji. Minneapolis iliilipa familia ya George Floyd, aliyeuawa na askari mwaka 2020, dola milioni 27, fedha za wakazi wa jiji, Weusi wakiwemo. Colorado ilijaribu njia nyingine. Kwa sheria ya Juni 2020, askari aliyetenda kwa nia mbaya anaweza kuchangia fidia kutoka mfukoni mwake, hadi dola 25,000.

Ni kweli Weusi ndio wanaouawa zaidi, au ni vyombo vya habari tu?

Polisi wa Marekani hupiga watu risasi na kuwaua takriban 1,000 kila mwaka. Hesabu hiyo ilianza kukusanywa vizuri mwaka 2015 na gazeti la Washington Post, kwa sababu serikali haikuwa na orodha kamili, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Ukihesabu vichwa, Weupe waliouawa ni wengi kuliko Weusi. Ukilinganisha na idadi ya watu, Weusi huuawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya Weupe. Katika mabishano upande mmoja utakutajia hesabu ya kwanza na mwingine ya pili, na zote ni sahihi. Mimi naishika ya pili, maana ndiyo inayoeleza hatari anayotembea nayo mtu mmoja mmoja.

Ukweli una upande mwingine pia. Michael Brown, kijana wa miaka 18, alipouawa Ferguson, Missouri, tarehe 9 Agosti 2014, ilienea habari kwamba alikuwa amenyoosha mikono kusalimu amri. Wizara ya Sheria, chini ya Rais Obama, ilichunguza na haikupata ushahidi wa kuaminika wa hilo. Askari hakushtakiwa. Matokeo hayo yalitoka Machi 2015, na siku hiyohiyo wizara ilitoa ripoti ya pili kuhusu polisi wa Ferguson, na hiyo ndiyo ningependa kila mtu aisome.

Ripoti hiyo ilisema nini?

Ilieleza kwamba mji wa watu kama 21,000 ulikuwa umewageuza polisi wake kuwa wakusanya mapato. Viongozi wa mji waliandikiana barua pepe wakihimiza faini ziongezwe ili bajeti itimie. Weusi walikuwa asilimia 67 ya wakazi, lakini asilimia 85 ya waliosimamishwa barabarani na asilimia 93 ya waliokamatwa.

Kuna mama mmoja katika ripoti hiyo ambaye sijamsahau. Mwaka 2007 aliegesha gari vibaya mara moja. Akaandikiwa faini mbili, jumla dola 151 na ada juu yake. Hakuwa na fedha, maisha yake yalikuwa ya kuhangaika na mahali pa kuishi. Akakosa tarehe za mahakama, na kila tarehe ikazaa faini mpya na hati ya kukamatwa. Alikamatwa mara mbili na kulala mahabusu siku sita. Alijaribu kulipa dola 25, halafu dola 50, mahakama ikamrudishia kwa sababu si deni lote. Kufikia Desemba 2014 alikuwa ameshalipa dola 550 na bado akadaiwa 541.

Nimekaa pembeni ya watu wetu wakiwa na karatasi kama zake. Huwa wameikunja bahasha na kuitia kwenye droo kwa sababu hawawezi kuisoma. Usiitie kwenye droo. Tafuta mtu akusomee siku hiyohiyo, na nenda mahakamani hata kama huna senti, umwombe hakimu mpango wa kulipa kidogo kidogo.

Kwa nini Wamarekani Weusi wengi ni Wademokrat, na vyama vya askari huwaunga mkono Warepublikan?

Haikuanza hivyo. Abraham Lincoln alikuwa Mrepublikan, na watumwa waliokombolewa walipopata kura walikipa chama chake. Wademokrat ndio waliotawala majimbo ya Kusini kwa sheria za ubaguzi. Bull Connor, kamishna wa usalama aliyewafungulia mbwa na mipira ya maji watoto waliokuwa wakiandamana Birmingham mwaka 1963, alikuwa Mdemokrat.

Weusi walianza kuhama miaka ya 1930, na mwaka 1964 ukamaliza kazi. Rais Lyndon Johnson, Mdemokrat wa Texas, alisaini Sheria ya Haki za Kiraia, na mgombea urais wa Republican, Barry Goldwater, alikuwa ameipigia kura ya hapana. Tarehe 7 Machi 1965 askari wa jimbo la Alabama waliwapiga waandamanaji kwenye daraja la Edmund Pettus, mjini Selma, na kabla mwaka haujaisha ikapita Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Weupe wa Kusini wakaanza kuhamia Republican. Mwaka 1968 Richard Nixon aligombea kwa kauli ya sheria na utulivu. Kwa Weupe waliochoshwa na ghasia za mijini hilo lilikuwa neno la faraja, na kwa Weusi wengi lilisikika kama ahadi ya virungu.

Wademokrat nao wana deni. Sheria kubwa ya uhalifu ya mwaka 1994, iliyoongeza askari na magereza, ilisainiwa na Bill Clinton na kusukumwa katika Seneti na Joe Biden. Wabunge wengi Weusi waliiunga mkono, kwa sababu mitaa yao ilikuwa ikizika vijana kila wiki. Ndani ya sheria hiyohiyo kuna kifungu kinachoipa Wizara ya Sheria uwezo wa kuchunguza polisi wa mji mzima. Kilitokana na kipigo alichopewa Rodney King mjini Los Angeles mwaka 1991, na ghasia za mwaka uliofuata askari wale walipoachiwa. Bila kifungu hicho tusingekuwa na ripoti ya Ferguson.

Upande wa askari, chama chao kikubwa, Fraternal Order of Police, kilimuunga mkono Trump mwaka 2016, 2020 na 2024. Waliendelea naye hata baada ya tarehe 6 Januari 2021, wafuasi wake walipolivamia jengo la Bunge na askari wapatao 140 wakajeruhiwa. Aliporudi madarakani aliwasamehe watu takriban 1,500 walioshtakiwa kwa siku hiyo, wakiwemo waliowapiga askari, na chama hicho kilitoa tamko la kusikitika. Kwa wapiga kura Weusi, zaidi ya wanane kati ya kumi walimchagua Kamala Harris, mgombea wa Wademokrat, mwaka 2024, ingawa Trump aliongeza kura zake kati yao, hasa kwa wanaume.

Ni kweli Weusi walitaka polisi waondolewe?

Baadhi ya wanaharakati, ndiyo. Wakazi wengi, hapana. Shirika la Gallup liliwauliza Wamarekani Weusi katikati ya mwaka 2020, joto la maandamano likiwa juu, na asilimia 81 walitaka polisi wabaki kama walivyo mtaani kwao au waongezeke. Novemba 2021 wakazi wa Minneapolis waliulizwa kwa kura kama idara ya polisi ibadilishwe kuwa idara mpya ya usalama. Asilimia kama 56 walikataa. Mwaka huohuo New York ilimchagua kuwa meya Eric Adams, mtu Mweusi aliyekuwa kapteni wa polisi.

Mama mmoja wa Uvira, jirani yangu, alilisema bora kuliko wataalamu wote. Anataka askari aje haraka akimwita, na akija amsalimie.

Baada ya George Floyd, nini kilibadilika?

Anza na msichana wa miaka 17, Darnella Frazier. Tarehe 25 Mei 2020 alikwenda dukani na binamu yake wa miaka tisa kununua vitafunio, kwenye kona ya Mtaa wa 38 na Barabara ya Chicago, Minneapolis. Alimwona askari Derek Chauvin amepiga goti juu ya shingo ya mtu. Akamwingiza mtoto dukani, akarudi nje, akainua simu. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu huyo alifariki baada ya kupatwa na tatizo la kiafya, bila kutaja goti. Goti lilikaa dakika 9 na sekunde 29. Aprili 2021 Chauvin alitiwa hatiani, akapewa kifungo cha miaka 22 na nusu.

Kwenye Bunge la taifa, muswada wa kurekebisha polisi uliobeba jina la Floyd ulipita Baraza la Wawakilishi Machi 2021 na kufia Seneti. Mazungumzo ya vyama viwili yalivunjika Septemba. Tatizo kubwa lilikuwa ile kinga niliyoieleza juu. Mei 2025 Wizara ya Sheria chini ya Trump iliomba mahakama kuachana na makubaliano ya kurekebisha polisi na miji ya Minneapolis na Louisville, mji ambako Breonna Taylor, mwanamke Mweusi, aliuawa na polisi waliovunja mlango wake usiku. Hata hivyo Minneapolis bado inabanwa na makubaliano mengine ya mwaka 2023, yaliyodaiwa na jimbo la Minnesota lenyewe, na hayo Washington haiwezi kuyafuta. Louisville ilikwisha kupiga marufuku, kwa kura ya madiwani, kuvunja mlango wa mtu bila kubisha. Mabadiliko yaliyodumu ni yale yaliyofanyiwa nyumbani.

Askari akiwa Mweusi je, mambo huwa tofauti?

Si lazima. Januari 2023 mjini Memphis, askari watano walioshtakiwa kwa kumpiga Tyre Nichols, aliyefariki siku tatu baadaye, wote walikuwa Weusi kama yeye. Mafunzo, kikosi na amri hubeba mengi kuliko ngozi ya aliyevaa sare.

Sisi ni Waafrika, si Wamarekani Weusi. Haya yanatuhusu?

Nasikia maneno haya mezani, na mara nyingine yanasemwa kwa majivuno. Amadou Diallo alikuwa kijana wa Guinea, mchuuzi wa mtaani New York. Februari 1999 askari wanne waliovaa kiraia walimfyatulia risasi 41 mlangoni kwake, alipotoa pochi yake. Hawakumuuliza kwao ni wapi. Jamaa zetu Wamarekani Weusi ndio waliojaa barabarani kumlilia, na ndio waliojaa kwenye mazishi ya Patrick Lyoya.

Polisi akinisimamisha nikiwa naendesha, nifanye nini?

Punguza mwendo, washa indiketa, simama kulia mahali salama. Kaa kwenye gari. Ikiwa ni usiku washa taa ya ndani. Weka mikono juu ya usukani, na kabla ya kuifuata leseni mfukoni au kadi ya bima kwenye dashibodi, mwambie unachokwenda kuchukua. Usitoe chai, wala usitanie kuhusu chai. Kumpa askari fedha hapa ni jinai yenyewe, hata kama ulikotoka ulizoea kuponea hivyo. Kama Kiingereza chako hakitoshi, sema hivyo na omba mkalimani. Usiitikie "yes" kwa heshima tu, kama tulivyozoea kumwitikia mkubwa. Nimeona "yes" za heshima zikisomwa mahakamani kama kukiri kosa. Ukiwa na malalamiko, kariri jina na namba ya askari, ukashtaki baadaye ukiwa na mwanasheria.

Nina green card. Naweza kumpigia kura sherifu au mwendesha mashtaka?

Hapana, na usijiandikishe hata mtu akikuletea fomu mlangoni au dirishani unapochukua leseni. Asiye raia akipiga kura katika uchaguzi usiomruhusu anaweza kufukuzwa nchini, na ombi lake la uraia likafa. Lakini mkutano wa baraza la jiji uko wazi kwa kila mkazi, na kwenye miji mingi unapewa dakika chache za kusema mbele ya meya na madiwani. Ukitaka kusema kwa Kiswahili, piga simu ofisi ya karani wa jiji mapema, uulize kama watakuwekea mkalimani. Nilipokwenda mara ya kwanza kumtafsiria mzee mmoja wa Kirundi, ukumbi ulikuwa na viti kama mia, na tuliokaa tulikuwa kumi na wawili.